Nitajuaje Kwamba Nimechagua Sawa?

SWALI: Assalamu alaikum, mshauri. Nimemaliza kidato cha nne hapa Lamu na nimepata C+, alama inayoniruhusu kuomba nafasi ya shahada. Mjomba anataka nisomee usafirishaji na ugavi kwa sababu ya bandari mpya, na mama anataka nisomee ualimu. Kila ninapokaribia kuamua, moyo hunirudisha nyuma. Hali hii ninayo tangu KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, nilipobadilisha majibu, nikajuta, nikaapa kutobadilisha tena jibu la kwanza. Shangazi alinishauri niswali istikhara, sala ya kumwomba Mungu mwongozo katika uamuzi, kisha nisubiri ndoto, lakini ndoto haijaja na muda wa kuomba nafasi kwenye tovuti ya KUCCPS, shirika linalogawa nafasi za vyuo nchini Kenya, unakaribia kwisha. Nitajiaminije ilhali sijui mbele kuna nini?
Msichana wa Langoni, Lamu

JIBU: Waalaikumu salaam, mwanangu. Nitaanza na yale majibu ya KCPE, kwa kuwa naona ndiko hofu yako ilikoota. Mwaka 2005 mwanasaikolojia Justin Kruger na wenzake walichapisha utafiti wa karatasi za mtihani zaidi ya 1,500 za wanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani, wakihesabu kila mahali jibu lilipofutwa na kuandikwa jingine. Takriban nusu ya mabadiliko hayo yalitoka kwenye kosa yakaingia kwenye sahihi, na yaliyotoka kwenye sahihi yakaingia kwenye kosa yalikuwa robo hivi. Hata hivyo, wanafunzi wengi waliamini, kama wewe, kwamba jibu la kwanza lisiguswe. Sababu ni kwamba jibu sahihi ulilokuwa nalo mkononi ukaliacha huuma kuliko kosa jingine lolote, na kinachouma hukumbukwa, ilhali yale uliyoyasahihisha kwa kubadilisha huyakumbuki hata moja. Kiapo chako, basi, kilitokana na majuto, hakikutokana na hesabu.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu mtu anayeupima uamuzi wake kwa matokeo peke yake hatajiamini kamwe: matokeo huja baadaye, tena yakiwa yamechanganyika na bahati. Kilicho mikononi mwako leo ni namna unavyoamua.

Tazama bandari anayoitaja mjomba wako. Mradi wa LAPSSET, ambao bandari hii ni sehemu yake, ulizinduliwa hapa Lamu Machi 2012, na gati la kwanza likafunguliwa Mei 20, 2021. Mwanafunzi aliyeanza shahada ya miaka minne mwaka ule wa uzinduzi, akitegemea ajira ya bandari hii, alihitimu mwaka 2016 na kukuta gati halijafunguliwa. Je, alikosea? Ikiwa alichagua kwa kusikia maneno ya barazani tu, alikosea, hata kama baadaye alipata kazi nzuri kwa bahati. Ikiwa aliuliza kwanza kama elimu ile ingemfaa pia Mombasa, au katika maghala na kampuni za mizigo zilizo mbali na bahari, aliamua vyema ingawa bandari ilichelewa. Kwa hiyo usimuulize mjomba kama bandari itaajiri, kwa maana hilo hakuna awezaye kulijibu. Muulize hivi: ikiwa bandari haitaniajiri kwa miaka mitano baada ya kuhitimu, cheti hiki kitanipeleka wapi? Mama naye aulizwe vivyo hivyo kwa adabu, kwani anajua kama sisi sote kwamba walimu wengi waliohitimu husubiri miaka kabla ya kuajiriwa na TSC, tume inayoajiri walimu wa serikali.

Kuna zoezi la mwanasaikolojia mwingine wa Marekani, Gary Klein, ambalo nalipenda kwa sababu linaipa hofu kazi ya kufanya. Jifanye kwamba miaka imepita na uchaguzi wako umeharibika kabisa, kisha uandike sababu zilizouharibu. Sababu utakazoweza kuzizuia leo, kama vile kutojua karo itatoka wapi, zishughulikie. Zilizobaki ziandike pembeni uziache. Ihifadhi karatasi hiyo pamoja na tarehe, ili siku ukijilaumu uone ulijua nini ulipoamua.

Kumbuka pia kwamba uamuzi huu haujafungwa kwa kufuli. Fomu inakuruhusu kupanga chaguo zaidi ya moja, na kuna utaratibu wa kuomba uhamisho, ingawa karo na muhula uliopotea havirudi.

Kuhusu istikhara, mimi si mwanachuoni, na ni vyema umuulize ustadhi wako. Ninachokijua kutoka darsani ni kwamba hadithi inayoifundisha humzungumzia mtu aliyekwisha kukusudia jambo, wala haikuweka ndoto kuwa sharti. Aya ya 159 ya Surat Aal Imran nayo inataja kushauriana, kisha kuazimia, kisha kumtegemea Mwenyezi Mungu, kwa mpangilio huo. Wewe umeitanguliza istikhara kabla ya kukusudia lolote, ndiyo maana unasubiri. Zungumza na mjomba na mama wiki hii, ukusudie mojawapo, uswali rakaa zako mbili, na ujaze fomu siku chache kabla ya tovuti kufungwa, maana saa za mwisho huelemewa na waombaji na mtandao wetu wa visiwani unaujua.