Mjamzito aliyevuka ziwa bila karatasi: nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni muuguzi katika zahanati ya kando ya ziwa, Kigoma Vijijini. Jana alikuja mama kutoka upande wa Kongo, amevuka kwa boti na mtoto wa miaka mitatu, ana mimba ya kama miezi saba. Hana kitambulisho wala kadi ya kliniki. Analalamika kichwa. Ana kopo la vidonge lililofutika maandishi, na mtoto hana kadi ya chanjo. Kiswahili chake nakielewa nusu. Mwenzangu anasema tusimwandikishe mpaka aripoti kwa mtendaji wa kijiji. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Anzia kwenye kichwa chake. Umeandika mengi, lakini presha hujaitaja, na mjamzito wa miezi saba anayeumwa kichwa hapitwi na kipimo cha presha hata kama wagonjwa wamejaa mpaka nje. Mtafute leo hii. Mpime presha, pima protini kwenye mkojo, muulize kama macho yanaona ukungu au kama anaumwa chini ya kifua. Presha ikiwa 140/90 au zaidi na protini ipo, huyo ni wa rufaa. Ikifika 160/110, au imefika 140/90 na ana dalili hizo nilizotaja, usisubiri gari ndipo uanze: mpe dozi ya kwanza ya magnesiamu salfeti na dawa ya kushusha presha, kisha asafiri na mhudumu pembeni. Presha ikiwa sawa, mpime malaria, maana kwetu Kigoma kichwa cha mjamzito mara nyingi ndiko kinakotokea. Usisahau wingi wa damu.

Sasa mwenzako. Simlaumu, anaogopa kuulizwa. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka anayeomba hifadhi ajitokeze ndani ya siku saba tangu aingie nchini, na mtendaji wa kijiji ni mmoja wa wanaopokea taarifa hiyo. Mweleze mama hilo kwa utulivu, kwa sababu ni kwa faida yake: njia ya kupokelewa na kupelekwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule Kasulu, inaanzia hapo. Lakini siku saba hizo ni za kuomba hifadhi. Hazina uhusiano na kupimwa presha. Kliniki ya wajawazito, mtoto chini ya miaka mitano, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI na za kifua kikuu ni huduma zisizolipiwa, na kliniki ya wajawazito haianzi kwa kuuliza namba ya NIDA. Mwandikishe kwenye MTUHA namba 6, daftari la wajawazito, kama mama mwingine yeyote. Penye makazi andika kijiji anakolala sasa na jina la mwenyeji wake, ili ukimhitaji umpate.

Kopo linanihangaisha kuliko karatasi. Mkiwa wawili tu, mlango umefungwa, muulize vidonge hivyo anameza lini, tangu lini, na amebakiwa na vingapi. Kama ni dawa za kufubaza, zisikatike hata siku moja. Wasiliana na CTC, kliniki ya wanaoishi na virusi, iliyo karibu apate za kuendelea, vipimo vya wingi wa virusi vifuate. Usitegemee kipimo cha haraka kukuambia kama kweli anaishi na virusi: aliyemeza dawa muda mrefu anaweza kusoma hasi, nawe ukamwachisha dawa akiwa na mimba. Muulize pia kama anameza Septrini (kotrimoksazoli). Hapo ndipo wengi wetu tunateleza. Mjamzito anayetumia Septrini kila siku hapewi SP ya kuzuia malaria, dawa hizo mbili ni ndugu na zikikutana zinamdhuru. Asiyetumia Septrini mpe SP, na chandarua wapewe wote.

Kuhusu lugha, usimtumie mtoto wala mwenyeji wa kiume kutafsiri. Nilipokuwa mkunga kijana nilimwacha mvulana wa miaka kumi amtafsirie mama yake. Aliniambia mama "anaumwa tumbo tu." Usiku ule nikakuta alikuwa akitokwa damu tangu asubuhi, akaona haya kulisema mbele ya mwanawe. Sijalisahau. Angekuwa Mrundi, angeelewana na Muha yeyote hapo kijijini, Kiha na Kirundi vinakaribiana sana. Kwa Mbembe kutoka Fizi, kule Kongo, ni habari nyingine, lakini kandokando ya ziwa letu wamo Wabembe wa siku nyingi. Mtafute mama mtu mzima, umwapishe kutunza siri. Na Kiswahili cha Kongo kisikie vizuri: akisema anamtaka "munganga" anakutaka wewe, si mganga wa kienyeji, na "kuzala" ni kujifungua. Ukimaliza maelezo usimuulize kama ameelewa, atasema ndiyo. Mwambie akurudishie kwa maneno yake dawa ipi anameza saa ngapi.

Mtoto mpime mzingo wa mkono wa juu kwa utepe. Chini ya milimita 115 ni utapiamlo mkali, anahitaji matibabu mara moja. Chanjo isiyo na kumbukumbu ihesabiwe haijatolewa, anza naye kwa ratiba ya umri wake na usiiruke surua. Kama mama anaishi na virusi, mtoto naye apimwe.

Kisha kaa chini uandike kadi ya kliniki kwa hati inayosomeka. Wiki ijayo mama huyu anaweza kuwa Nyarugusu au kwenye kitanda cha hospitali ya Maweni, na mkunga atakayempokea hatakuwa na kitu kingine cha kumwongoza. Andika presha, wingi wa damu, dawa ulizompa na tarehe, namba ya simu ya zahanati. Habari ya dawa za kufubaza iweke kwenye barua ya rufaa iliyofungwa, ukampe mwenyewe mkononi, si mwenyeji wake.