Akili hupimwaje? Majibu ya maswali yenu

Nilifanya kipimo cha IQ kwenye simu nikapata 138, mke wangu akapata 96. Tuamini? (Msomaji, Dodoma)

Msiamini, ndugu yangu. IQ ni alama ya kipimo cha akili inayoonyesha nafasi ya mtu akilinganishwa na watu wa rika lake: wastani umewekwa 100, na takriban theluthi mbili ya watu huangukia kati ya 85 na 115. Programu ya simu haikwambii imekulinganisha na nani. Vipimo vya kweli, kama vile vya Wechsler, husimamiwa ana kwa ana na mtaalamu aliyefunzwa. Kwa hiyo usimtambie mke wako kwa namba hiyo.

Nina mwanafunzi wa darasa la nne anayeshika mkia kila muhula. Wazazi wanataka apimwe akili. Kipimo kitatuambia kama anafundishika? (Mwalimu, Kahama)

Mwalimu, swali lako ndilo lililozaa vipimo hivi. Mwaka 1905 jijini Paris, mwanasaikolojia Alfred Binet na mwenzake Théodore Simon walitoa kipimo cha kuwatambua watoto waliohitaji msaada wa ziada darasani. Binet alipinga vikali wazo kwamba akili ya mtoto haiongezeki. Alifariki mwaka 1911, na kipimo chake kilipofika Marekani kikageuzwa kuwa cha kupanga watu madaraja. Naona huo ni upotoshaji mkubwa, na bado tunaishi nao.

Hapa kwetu Tanzania, karibu na Bagamoyo, mwanasaikolojia Robert Sternberg na wenzake waliwapima watoto zaidi ya 400 wa shule za msingi. Kazi zilikuwa kama kupanga kadi kwa makundi, au kubaini kitu ambacho mwenzako anakifikiria kwa kumwuliza maswali yasiyozidi 20. Wengi wao walifundishwa mbinu kwa muda mfupi, chini ya saa moja, kisha wakapimwa upya. Waliofundishwa walipanda kuliko wale waliorudia kipimo bila kufundishwa. Lililonigusa zaidi ni kwamba mpangilio wenyewe ulivurugika: aliyekuwa chini mwanzoni hakuwa lazima abaki chini.

Basi hakikisha kwanza kijana anaona ubao vizuri, anasikia, na hashindi na njaa. Kisha mfundishe jambo moja, umpime, umfundishe tena, umpime tena. Angalia amesogea kiasi gani. Mwendo huo utakueleza mengi kuliko alama ya siku moja.

Mwanangu anafeli mitihani lakini akishika waya anakutengenezea gari lenye usukani unaozunguka. Hiyo nayo ni akili? (Mama, Morogoro)

Ni akili, mama, tena imeshapimwa. Mwanasaikolojia Robert Serpell aliwalinganisha watoto wa Lusaka, Zambia, na wa Manchester, Uingereza, kwa kuwataka wanakili maumbo. Kwa kalamu na karatasi, Waingereza waliwashinda. Kwa waya, Wazambia walishinda. Kwa udongo wa kufinyanga, ambao pande zote mbili waliuzoea, walikuwa sawa. Watafiti wangebeba kalamu tu, tungeletewa habari kwamba watoto wa Lusaka ni wazito.

Akili ni moja au ziko nyingi? (Mwanafunzi, Mombasa)

Mwanasaikolojia Charles Spearman aliona mwaka 1904 kwamba anayefanya vizuri somo moja huelekea kufanya vizuri na mengine, akadai kuna uwezo mmoja wa jumla. Mwaka 1983 mwanasaikolojia mwingine, Howard Gardner, akasema akili ziko kadhaa, ikiwemo ya muziki. Takwimu zinamuunga mkono zaidi Spearman, lakini uwezo wa jumla haumalizi habari yote ya mtu.

Wapo wanaosema vipimo vimethibitisha Waafrika tuna akili ndogo kwa kuzaliwa. Niwajibuje? (Msomaji, Nairobi)

Wapeleke Embu, Kenya. Watoto wa huko walipimwa mwaka 1984, na kundi jingine la umri uleule likapimwa mwaka 1998. Alama zilipanda sana ndani ya miaka 14, muda ambao vinasaba vya jamii haviwezi kugeuka kiasi hicho. Watafiti walitaja mambo ambayo huenda yalichangia: wazazi waliojua kusoma waliongezeka, familia zilipungua ukubwa, na chakula na afya za watoto ziliboreka.