Alamu ya 2004: ning'oe yote ama niweke betri tu?

SWALI: Habari za kazi fundi. Tuko Buruburu, nyumba tulinunua kwa mzee fulani na tukaikuta na alamu ya waya ya 2004. Iko na sensa za kona kwa sebule na koridoo, zile sumaku za mlango wa mbele na wa jikoni, na king'ora nje chini ya paa. Zamani ilikuwa inapiga simu kwa laini ya nyumbani lakini hiyo laini ilikufa kitambo, waya ziliibwa huko nje. Sasa kipadi imeanza kulia pii pii, na stima ikipotea ndio hatulali. Fundi mmoja amekuja akaangalia dakika mbili akasema hii ni ya makumbusho, ng'oa yote niwawekee ya wayalesi mtaiona kwa simu, elfu tisini. Bwanangu naye anasema ni betri tu. Nani mkweli hapo?
Mama Wawili, Buruburu

JIBU: Mama Wawili, bwanako yuko karibu zaidi na ukweli, lakini asianze kujipiga kifua bado.

Hiyo pii pii mara nyingi ni betri. Fungua lile boksi la chuma (liko ndani ya kabati ama stoo) utaona bodi ya saketi na chini yake betri nyeusi ya volti 12, kawaida ni ya ampea-saa 7 (Ah). Betri kama hizo huishi miaka mitatu mpaka mitano, na kama hakuna mtu amekumbuka kubadilisha tangu yule mzee ahame basi hiyo ni maiti. Ukiona imevimba ubavuni hata usipime. Mpya utapata Luthuli Avenue, angalia volti ziwe zilezile na plas na mainasi usizichanganye. Halafu zima umeme wa alamu makusudi, acha isimame na betri masaa matatu manne, kisha washa king'ora kabisa. Kikilia vizuri mko sawa. Kikianza kwa nguvu halafu sauti izame, au betri ni mbovu au bodi haiichaji, hapo fundi mwenye mita aangalie.

Sasa hii ya kung'oa yote. Mimi nasema hapana, na nitakuambia kwa nini. Kitu ghali kwa hiyo alamu si bodi, ni waya zilizo ndani ya ukuta wa mawe, mtu alichimba akapitisha akapiga plasta juu yake, na waya ya shaba ambayo panya hajaifikia haizeeki kwa miaka ishirini. Zile sumaku za mlango pia hazina kitu cha kuoza, ni kiswichi kidogo ndani ya glasi. Sensa za kona ndizo huchoka polepole, kile kioo cha plastiki mbele kinageuka manjano na mijusi wanaingia ndani, hapo ndio unasikia alamu imelia saa tisa usiku na hakuna mwizi. Lakini sensa moja ikiharibika unabadilisha hiyo moja kwa waya uleule. Weka alamu kwa hali ya kujaribu, tembea kila chumba, fungua kila mlango, uone ni gani haishtuki.

Kitu kimekufa kweli kwenu ni mdomo. Alamu inajua mwizi ameingia lakini haina wa kumwambia, king'ora kinapigia majirani ambao walishazoea. Hapo ndipo pesa yenu iende: kifaa kidogo cha laini ya simu kinachofungwa kwa bodi hiyohiyo na kuwapigia ama kuwatumia meseji. Ulizeni kama kinashika 4G, juu mitandao ya zamani huzimwa, kule Marekani 3G zilizimwa 2022 na watu wengi wakabaki na alamu bubu ukutani. Na kadi ya simu iandikishwe kwa kitambulisho chako wewe, si cha fundi, na uitumie mara kwa mara maana laini iliyokaa bure muda mrefu kampuni huifunga na hakuna atakayekuambia.

Bodi yenyewe ningeibadilisha kwa sababu hizi: imechomwa na stima iliyorudi kwa nguvu, ama imefungwa kwa namba ya siri ya fundi wa zamani na haikubali kurudishwa mwanzo, ama haina pa kufunga hicho kifaa cha simu. Hata hapo chukua bodi inayokubali waya na wayalesi pamoja, waya zako zinabaki. Mwambie fundi aangalie rezista za kwenye sensa (vile vipande vidogo vya kupunguza umeme kwenye waya), kila aina ya bodi ina kipimo chake, wakikosa kulinganisha utaletewa kesi ya zoni, yaani sehemu za nyumba zinazolindwa na alamu, zinazolia ovyo. Na kabla hamjagusa chochote muulize huyo mzee kama boksi lilikuwa lake ama la kampuni ya ulinzi, kuna wengine walikuwa wanakodisha.

Wayalesi si mbaya, nyumba ya kupanga mimi mwenyewe ningeweka hiyo kwa sababu unahama nayo. Lakini zingine za bei ya chini haziwaambii sensa ikiisha betri, na zile zinategemea wai-fai peke yake, stima ikienda na ruta imeenda, na wezi wa Nairobi wanapenda sana giza.

Kitu cha mwisho na ni cha bure. Angalia vifungo vya kipadi. Kama namba nne zimefutika rangi na zingine ziko safi, mwizi amebaki na mipangilio 24 tu ya kujaribu. Badilisha namba leo, na kila msaidizi wa nyumba anapoondoka.

SWALI: Fundi, sisi tuko na fensi ya umeme, bado tunahitaji alamu ndani?
Msomaji, Donholm

JIBU: Ndio, kwa sababu si kila mtu hupitia juu ya ukuta, wengine hupitia getini na kuja wakitabasamu. Ila hiyo mashine ya fensi mara nyingi ina sehemu ya kutoa ishara ya alamu, mnaweza kuifunga kama zoni moja ya bodi ya alamu ya ndani, waya ikikatwa kila kitu kinalia pamoja. Nayo ina betri yake ndani, hesabu miaka ileile. Na kateni yale matawi ya mwavokado yanayogusa nyaya kabla mvua haijaanza, maana fensi ikilia kila manyunyu nyinyi wenyewe ndio mtakaoizima.