Sanamu la theluji ni la zamani kuliko kadi za Krismasi

Umeuliza kama sanamu la theluji, yaani umbo la mtu linalojengwa kwa theluji, lilianzia kwenye kadi za Krismasi. Hapana, ni la kale zaidi. Picha ya zamani kabisa inayojulikana imo kwenye kitabu cha sala cha mwaka 1380 hivi, kinachotunzwa The Hague, Uholanzi: sanamu limekaa, limeupa moto mgongo, linayeyuka.

Ila ukitaka utamu wenyewe, soma habari za Brussels mwaka 1511. Baridi ilikaza wiki kadhaa, wakazi wakajenga sanamu kama 110 mji mzima. Wala hayakuwa mambo ya watoto tu. Kulikuwa na watakatifu, miungu ya Kirumi, mengine ya aibu tupu, na mengine ya kuwakejeli maadui wao kutoka Gelderland, eneo jirani. Watu walisema kwa theluji yale yaliyokuwa moyoni. Mshairi Jan Smeken aliyatungia shairi refu, na bila yeye tungejua machache mno.

Hata Michelangelo, mchongaji mashuhuri wa Italia, alijenga moja Florence, Januari 1494, kwa agizo la Piero de' Medici, mtawala wa mji huo. Pua ya karoti, ile tunayoiona kwenye sanamu la theluji siku hizi, imekuja baadaye sana.