Ukipanga wiki Jumapili usiku, utapwelewa

Hapana. Una duka la vifaa vya ujenzi hapa Amu (Lamu), saruji yako inakwenda Siyu na Faza, kisiwani Pate, kwa mashua, halafu wauliza kama Jumapili saa tatu usiku ni wakati mzuri wa kukaa kupanga wiki, na kama utumie daftari au programu ya simu, na kama umshirikishe kijana wa dukani. Nani kakuloga? Najua nani: hawa walimu wa semina, wanaokuja na makaratasi yao yana mistari saba, Jumatatu juu kabisa. Wiki yao huanza Jumatatu kwa kuwa ofisi zao hufunguliwa Jumatatu. Yako yaanza Jumamosi, ndiyo maana ikaitwa ya mosi. Wao mashua waliipanda kupiga picha.

Jumapili usiku nahodha kazima simu, muuzaji wa jumla kafunga, wewe mwenyewe wasinzia. Hakuna wa kumuuliza lolote. Basi wafanya nini? Wanakili wiki iliyopita. Hapo ndipo pesa inapozama.

Maji ya bahari huchelewa kujaa na kupwa kama dakika 50 kila siku. Zidisha kwa siku 7: dakika 350, karibu masaa sita. Na kutoka kujaa hadi kupwa ni masaa sita na dakika chache. Yaani saa ile ile uliyopita Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, maji tele Jumanne iliyopita, Jumanne hii ni tope. Wiki ya maji mafu, yanapojaa kidogo na kupwa kidogo, bahari hujaa karibu saa nne, saa tano asubuhi. Ukitoka saa tatu wafika Siyu raha mustarehe. Wiki ya bamvu, yanapojaa sana na kupwa sana, hujaa kwenye saa kumi, saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na hiyo saa tano yako ndiyo kupwa kwenyewe, mizizi ya mikoko yote nje. Mifuko 40 ni tani 2. Chombo kikishakaa chini hakisukumwi na watu wanne, hata wawe wameshiba. Mwangoja maji mpaka alasiri, wenye punda kule Siyu washaondoka zao, mabaharia wadai siku nzima. Na chombo kikilala ubavu, maji ya ngama, yale yaliyotuama chini ndani ya chombo, yote hukimbilia upande mmoja, chini ya mifuko. Turubai lafunika juu, halizuii ya chini. Kesho yake ni madonge. (Msiniulize nimejuaje. Mlangoni kwangu kuna jiwe la kilo 50 lazuia mlango usipigwe na kusi, kazi yake nzuri sana.)

Panga wakati ambao nahodha akipigiwa atashika, na safari bado yaweza kusogezwa. Kwa Amu ni Alhamisi baada ya alasiri, nusu saa tu. Chukua kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu: tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 ni bamvu, 8 hadi 10 na 22 hadi 24 ni maji mafu. Andika saa ya kujaa kwa kila siku kuanzia Jumamosi, kabla hujaandika kitu kingine chochote, hata deni. Ndipo utie safari. Toka maji yakiwa yanajaa: ukigusa chini, yatakuinua. Ukitoka yanapwa, ukigusa ndio basi. Kisha mpigie nahodha hapo hapo, daftari liko wazi, umsomee saa na yeye akukosoe. Mkanda aujua yeye, si kalenda. Muuzaji wa jumla mpigie Ijumaa asubuhi mapema, kabla watu hawajaanza kujitayarisha kwa Jumaa.

Jambo jingine, ukisema na nahodha mtu mzima usimwambie "usiku wa Ijumaa". Kwake huo ni usiku wa kuamkia Ijumaa, ambao wewe waita Alhamisi. Atakungoja gatini na mabaharia wake wewe umelala, na siku hiyo utailipa. Mwambie "Jumamosi alfajiri, saa kumi," na umtajie tarehe.