Ukitaka Ligi ya Vishale Idumu, Anza na Daftari

Kuna msomaji kaniandikia: wana timu nne, ubao upo, hamu ipo, wanataka kuanzisha ligi ya vishale (darts). Waanzie wapi? Nimefurahi kuulizwa, maana ya kwetu nimeiendesha nikiwa katibu tangu haina hata jina, na leo wapo wanaojiita waasisi ambao wakati ule hata kushika kishale hawajui.

Anzeni na daftari. Nasema hivi kwa sababu ya fainali moja. Tunacheza 501: unaanza na pointi 501, unashuka mpaka sifuri na lazima umalizie kwenye dabo, ule ukanda mwembamba wa pembeni unaozidisha namba mara mbili. Mpinzani wetu kabakiwa na 32, namba ambayo kila mrushaji huiombea: ukilenga dabo 16 ukaangukia 16 ya kawaida, bado una dabo 8. Akarusha. Kishale kikaingia dabo 16, pembeni kabisa mwa waya, kikaning'inia, kikadondoka sakafuni kabla mwandishi wa pointi hajafungua mdomo. Wenzake walishaanza kushangilia. Nikasema kishale kilichodondoka hakina pointi. Ndivyo kanuni ilivyo, na nitaisema hivyo mpaka kesho. Ila sisi tulikuwa tumekubaliana kwa mdomo tu. Wakadai napendelea, eti kwa kuwa iliyokuwa inacheza nao ni timu yangu. Wakajitoa, wakavuta timu nyingine mbili, wakaanzisha ligi yao. Na ubao wetu mpya wakaondoka nao.

Hata wakubwa yamewakuta. Huko Uingereza, BDO, chama cha vishale kilichoanzishwa 1973, kilikimbiwa na nyota wake mwaka 1993, Phil Taylor na Eric Bristow wakiwemo. Wakaandaa ubingwa wao wa dunia 1994, na kesi kati yao na chama ikaja kuisha 1997. Wao walikuwa na televisheni na wanasheria. Ninyi mna ubao mmoja.

Kwa hiyo andikeni. Kishale kikidondoka inakuwaje, andikeni. Ubao unalala kwa nani, andikeni. Vipimo, andikeni: katikati ya ubao iwe mita 1.73 kutoka sakafuni, mstari wa kurushia mita 2.37 kutoka usoni pa ubao, si ukutani, maana ubao una unene na wabishi wanalijua hilo. Timu nne, nyumbani na ugenini, ni mechi 12. Ratiba ibandikwe mapema na isibadilishwe kwa simu ya mtu mmoja. Ada na vikombe mtamalizana wenyewe.

Vijana wamemwona Luke Littler akibeba ubingwa wa dunia Januari 2025 akiwa na miaka 17, basi kila mmoja anataka kupiga 180, pointi za juu kabisa kwa vishale vitatu, hakuna anayetaka kusimama kando ya ubao aandike. Hapo ndipo ligi zinapofia. Kuandika pointi kuwe kwa zamu, manahodha wakiwemo, na asiyetaka kuandika asirushe. Yule mpinzani wetu wa fainali naye, akitaka kurudi, mlango uko wazi. Aje na ubao wetu, na asome kanuni kabla hajatia saini.