Chunusi za ukubwani: dawa inafanya kazi, ila inataka miezi

SWALI: Nina miaka 34. Usichana wangu ulipita bila chunusi, lakini sasa zinanitoka kidevuni na kwenye taya, hasa hedhi ikikaribia. Nilipaka jeli ya adapalini wiki mbili, ngozi ikababuka na chunusi zikaongezeka, nikaacha. Je, dawa imenikataa?

JIBU: Hapana, dada. Umeiacha kabla haijaanza kazi. Chunusi inayochomoza leo ilianza wiki kadhaa nyuma, tundu la kinyweleo lilipoziba kwa mafuta na seli zilizokufa. Adapalini huzuia matundu yasizibe, haifuti chunusi iliyokwisha kutoka. Kwa hiyo ipe wiki 12 ndipo uihukumu. Kubabuka na kuongezeka kwa chunusi mwanzoni ni kawaida, na kwa wengi hutulia ndani ya mwezi.

Anza upya, polepole. Usiku nawa kwa sabuni laini isiyo na manukato, kisha subiri ngozi ikauke kabisa, kwani ngozi mbichi hubabuka zaidi. Kiasi cha punje moja ya njegere kinatosha uso mzima. Sambaza eneo lote linalotoa chunusi, usidonoe chunusi moja moja, maana zijazo bado hazionekani. Epuka macho, midomo na pembe za pua. Wiki mbili za kwanza paka kila baada ya siku mbili, kisha usiku mmoja paka na unaofuata ruka, halafu kila usiku. Ukihisi mwasho, tangulia kupaka losheni isiyoziba vinyweleo.

Asubuhi paka benzoili peroksaidi, dawa ya kupaka inayoua bakteria wa chunusi, ya asilimia 2.5. Usishawishike na ya asilimia 10: faida yake haizidi sana, kubabua kwake kunazidi. Inapausha nguo, hivyo tumia taulo nyeupe. Malizia kwa kinga ya jua ya SPF 30 au zaidi. Bila hiyo, madoa meusi yanayoachwa na chunusi hukaa miezi mingi.

Chunusi za tayani zinazofuata hedhi mara nyingi huchochewa na homoni. Wiki 12 zikipita bila nafuu, muulize daktari kuhusu spironolaktoni, kidonge kinachozuia homoni zinazochochea chunusi, kwa kawaida miligramu 50 hadi 100 kwa siku, au vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni. Vidonge hivyo havimfai mwenye presha ya juu, aliyewahi kuganda damu, au mvutaji sigara aliyefika miaka 35. Mtajie pia njia ya uzazi wa mpango unayotumia sasa, kwani zile zenye homoni ya projestini pekee huweza kuchochea chunusi. Hedhi ikiruka miezi, au ndevu zikianza kuota, omba vipimo vya homoni.

Ukipanga kubeba mimba, acha adapalini na spironolaktoni. Asidi ya azelaiki ya asilimia 15 au 20 inaruhusiwa, na hufifisha madoa pia.

SWALI: Mimi ni mwanamume wa miaka 29. Kila nikimeza doksisaiklini chunusi huisha, nikiacha zinarudi. Niendelee nayo tu?

JIBU: Usiendelee, ndugu. Doksisaiklini ni antibaiotiki: hutuliza uvimbe na kupunguza bakteria, lakini matundu yanaendelea kuziba. Ukiimeza peke yake mwaka mzima unafuga bakteria sugu. Dozi hiyo ni ya miezi 3 au 4, sambamba na adapalini na benzoili peroksaidi, na hizo mbili ndizo unazobaki nazo vidonge vikiisha. Meza kwa glasi nzima ya maji, usilale kwa nusu saa, kwani kidonge kikinasa kooni huchoma.

Kama una mabonge ya ndani yanayouma na kuacha mashimo, usirudie antibaiotiki. Nenda kwa daktari wa ngozi mapema, mzungumzie isotretinoini, dawa kali ya kumeza ya chunusi sugu, pamoja na vipimo vya ini na mafuta ya damu vinavyoambatana nayo. Kovu la shimo halitibiki kwa jeli.

Na angalia krimu unazopaka. Vipele vidogo vinavyolingana ukubwa, vilivyolipuka baada ya krimu ya kung'arisha ngozi, huenda vinatokana na steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, iliyomo ndani yake. Ipeleke krimu hiyo kwa daktari pamoja na kopo lake.